Wanane wa Machi 1957

Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau msituni, alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwezi haujaisha tangu siku hiyo, Waafrika wa Kenya wakaitwa vituoni kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea tangu Mwingereza aitawale nchi. Serikali iliyofunga kitanzi ndiyo hiyo hiyo iliyosambaza visanduku vya kura, na haikuona mgongano wowote kati ya kazi hizo mbili. Mlango wa msitu ulikuwa umezibwa, sasa ulifunguliwa mwingine, mwembamba, wenye bawabu wa kuchagua nani apite.

Historia ya Bunge la Kenya kwa kawaida huanzia mbali zaidi ya hapo. Husemwa kwamba Baraza lile, ambalo watu walizoea kuliita Legco, lilikaa kikao chake cha kwanza Nairobi tarehe 17 Agosti 1907, chini ya uenyekiti wa Gavana James Hayes Sadler. Hilo ni kweli. Nchi ilikuwa bado Himaya ya Afrika Mashariki, amri ya kuunda Baraza ilikuwa imetoka London mwaka uliotangulia, na wajumbe hawakufika kumi. Wote walikuwa Wazungu, wengi wao maofisa wa serikali. Lord Delamere, mlowezi wa Njoro, alikuwa miongoni mwa wale wachache wasio maofisa, naye aliingia kwa kuteuliwa. Hakuna aliyempigia kura mtu yeyote.

Mwaka 1909 aliongezwa Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi na kupata mali kwa kuwaletea wajenzi wa reli vibarua na mahitaji yao. Yeye ndiye mtu wa kwanza asiye Mzungu kukaa katika Baraza hilo. Walowezi, kwa upande wao, hawakutaka kuteuliwa, walitaka kuchagua. Wakapata walichotaka kwa sheria ya 1919, iliyowapa haki ya kura Wazungu watu wazima, wanaume kwa wanawake, na mapema mwaka 1920 wakachagua wajumbe 11. Mwaka uo huo nchi ikageuzwa koloni na kuitwa Kenya, isipokuwa ukanda wa Pwani wa maili kumi, uliobaki himaya kwa kuwa kisheria ulikuwa mali ya Sultani wa Unguja.

Kwa hiyo, mtu akiuliza uchaguzi wa kwanza katika koloni la Kenya ulifanyika lini, jibu la makaratasi ni 1920. Ila jibu hilo linamhusu mlowezi tu. Ulikuwa uchaguzi wa jamii moja ndogo ikijichagulia wasemaji wake, katika nchi ambayo waliobaki wote walikuwa watu wa kusemewa.

Wahindi walidai daftari moja la wapiga kura kwa watu wa rangi zote. Walowezi wakaja juu, hata baadhi yao wakala njama ya kumteka Gavana. London ikajibu kwa waraka wa 1923 uliotangaza kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika, na kwamba maslahi yao yatangulie ya wahamiaji. Maneno yalikuwa mazito. Yalipogeuzwa kuwa viti, Wahindi walipewa vitano vya kuchaguliwa kwa daftari lao wenyewe, Waarabu kimoja, na Waafrika, wenye nchi kwa mujibu wa waraka ule, wakapewa mmisionari wa kuwasemea. Aliteuliwa mwaka 1924, Dk. John Arthur wa Misheni ya Kanisa la Scotland kule Kikuyu.

Madaftari haya ya rangi yaliwatia watu wa Pwani katika mtihani wa pekee. Kulikuwa na daftari la Mzungu, la Mhindi na la Mwarabu, na Mswahili hakuwa na pa kuandikwa. Thenashara Taifa wa Mombasa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wenye mji, waligombania miaka mingi kuhesabiwa pamoja na Waarabu, kwa sababu kuhesabiwa kwingine kokote kuliwanyima kura. Ugomvi huo wa nasaba uliotia uchungu Mombasa nzima ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi wa daftari.

Mwafrika wa kwanza kuingia ukumbini aliingia Oktoba 1944. Eliud Mathu, mwalimu aliyesomea Fort Hare na Oxford, aliteuliwa na Gavana, akakaa peke yake kati ya watu waliozoea kuwazungumzia Waafrika bila Mwafrika kuwapo. Chama kilichoundwa mwezi ule ule ili kumpa nguvu ndicho kilichokuja kujulikana kama KAU (Kenya African Union), na Jomo Kenyatta akakiongoza kuanzia 1947. Mathu alipambana na kipande, kile kitambulisho alicholazimishwa Mwafrika kutembea nacho, akasemea ardhi, akajibu hoja kwa hoja. Kufikia 1948 walikuwa wanne, na 1952 sita. Wote, hata hivyo, walikuwa wateule. Gavana angeweza kumwacha yeyote nje kipindi kinachofuata, nao walilijua hilo kila waliposimama kusema.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 kupambana na Mau Mau. Kenyatta akakamatwa, akahukumiwa Kapenguria, na KAU ikapigwa marufuku mwaka 1953. Mwaka uliofuata, Waziri wa Makoloni, Oliver Lyttelton, alitunga katiba iliyoweka Baraza la Mawaziri la rangi zote: mbali na maofisa, Wazungu watatu, Waasia wawili, Mwafrika mmoja. Huyo mmoja alikuwa B. A. Ohanga. Pamoja na katiba hiyo ilitolewa ahadi kwamba Waafrika watafikiriwa namna ya kuchagua wajumbe wao.

Kazi ya kufikiri ilikabidhiwa ofisa aliyeitwa Walter Coutts, yule ambaye baadaye alikuwa Gavana wa mwisho wa Uganda. Ripoti yake ilitoka mapema 1956, na inastahili kusomwa polepole, maana humo ndimo lilimo wazo zima la ukoloni kuhusu kura. Mzungu wa Kenya alipiga kura kwa kuwa mtu mzima, basi. Mwafrika alitakiwa kupimwa. Alipimwa kwa elimu, kwa kipato cha mwaka au thamani ya mali, kwa miaka aliyotumikia serikali au jeshi, kwa ujumbe wake katika mabaraza ya wilaya, hata kwa uzee. Sifa moja ilimpa kura moja. Aliyekuwa na sifa zaidi aliongezewa, mpaka kura tatu. Katika foleni moja angeweza kusimama mkulima mwenye kura moja, nyuma yake karani mwenye mbili, na nyuma ya karani chifu mstaafu mwenye ng'ombe, medali na kura tatu.

Wapo waliouona mpango huo kuwa wa busara, wakisema kura ni amana, haigawiwi ovyo. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mizani ingewekwa kwa wote. Mlowezi asiyemaliza shule hakuulizwa cheti, wala aliyefilisika hakuulizwa kipato.

Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kulikuwa na sharti la ziada. Kabla ya kuandikishwa ilibidi mtu awe na cheti cha uaminifu, yaani maofisa wa wilaya wakiri kwa maandishi kwamba alikuwa upande wa serikali dhidi ya Mau Mau. Waliokuwa vizuizini, waliokula kiapo, waliokaa kimya tu wakingoja vita vipite, wote walikosa kura. Wilaya zilizoumia zaidi kwa ajili ya ardhi na uhuru ndizo zilizofungiwa nje siku ya kwanza ya kuchagua.

Viti vilivyowekwa kwa Waafrika vilikuwa vinane. Sensa ya 1948 ilikuwa imehesabu Waafrika zaidi ya milioni 5. Wazungu, waliokuwa makumi ya maelfu tu, walikuwa na viti 14, na tayari walikuwa wamekwisha piga kura zao kati ya Septemba na Oktoba 1956 bila kungoja mtu.

Kabla hatujafika vituoni, kuna amri moja ambayo hutajwa kwa haraka, nayo kwangu ndiyo iliyoacha alama kuliko zote. Juni 1955 serikali iliruhusu tena vyama vya siasa vya Waafrika, lakini kwa wilaya, si kwa nchi. C. M. G. Argwings-Kodhek, wakili Mwafrika wa kwanza kufungua ofisi Kenya na mtetezi wa washtakiwa wengi wa Mau Mau, alijaribu kusajili chama cha taifa zima. Alikataliwa. Akabaki na chama cha wilaya ya Nairobi. Katika Mkoa wa Kati hata chama cha wilaya hakikuruhusiwa. Mgombea wa Mombasa hakuwa na jukwaa moja na mgombea wa Kisumu. Kila mmoja alisimama kwao, akawahutubia watu wake, akaahidi ya kwao.

Nairobi ndiko kulikokuwa na mvutano mkali. Kiti kilishikiliwa na mteule wa Gavana, Muchohi Gikonyo, lakini pambano la kweli lilikuwa kati ya Argwings-Kodhek na Tom Mboya. Mboya alikuwa na miaka 26. Alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alijipatia jina kwa kusuluhisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa wa Machi 1955, na alikuwa amerudi 1956 kutoka Oxford na safari ya Marekani. Alizaliwa katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, kati ya vibarua wa kila kabila, na Kiswahili chake kilitoka huko huko. Mji wenyewe ulikuwa umebadilika. Operesheni ya Aprili 1954, ambayo serikali iliiita Anvil, ilikuwa imewazoa Wakikuyu kwa maelfu mitaani na kuwapeleka vizuizini au makwao. Wapiga kura waliobaki walikuwa wachache, na Mboya alishinda kwa tofauti ya mamia ya kura tu. Watu wa Nairobi waliendelea kubishana muda mrefu kama wakili hakustahili zaidi.

Mkoa wa Kati ulitoa tokeo lililowashangaza hata waliouandaa uchaguzi. Cheti cha uaminifu kilikuwa kimepunguza Wakikuyu katika daftari kiasi kwamba kundi kubwa zaidi likawa Wameru. Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, akamshinda Eliud Mathu. Mtu aliyekaa Legco tangu 1944, mzoefu kuliko Waafrika wote waliowahi kuingia humo, aliangushwa na daftari ambalo watu wake hawakuruhusiwa kuandikwa. Sidhani serikali ilikusudia hivyo. Mathu alikuwa mtu wa kusikilizana naye.

Nyanza walichagua watatu. Nyanza ya Kati walimchukua Oginga Odinga, mwalimu wa zamani wa Maseno aliyegeuka mfanyabiashara na kiongozi wa Umoja wa Wajaluo, naye akamwangusha Ohanga, waziri pekee Mwafrika. Nyanza ya Kaskazini walimwacha W. W. W. Awori wakamchukua Masinde Muliro, aliyesoma Chuo Kikuu cha Cape Town. Nyanza ya Kusini ilimtoa Lawrence Oguda. Pwani ilimchagua Ronald Ngala, mwalimu wa Kigiriama aliyepitia Makerere. Ukambani ulimpa kura James Muimi. Bonde la Ufa lilimbakiza Daniel arap Moi, mwalimu mwingine, aliyekuwa ameteuliwa mwaka 1955 na sasa akawa na kura za watu mkononi. Ukiwatazama wote, utaona darasani ndiko siasa za Kenya zilikotoka: chaki ilitangulia kisha ikaja kura.

Katika wanane hao hakuwamo mwanamke. Priscilla Abwao aliingia Legco kwa kuteuliwa mwaka 1961, na mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge, Grace Onyango wa Kisumu, alisubiriwa mpaka 1969.

Serikali ilitarajia nini? Ilitarajia kwamba wapiga kura wenye shule, mali na vyeti watachagua watu wapole, na watu wapole watachukua wizara zilizotengwa na kuiendesha katiba ya Lyttelton. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Wanane walipokutana tu, waliunda umoja wao, Odinga akiwa mwenyekiti na Mboya katibu, wakatangaza kwamba katiba ile ni batili na hakuna hata mmoja wao atakayeshika wizara. Walitaka viti 15 zaidi vya Waafrika kabla ya mazungumzo mengine yoyote. Mzee mwenye kura tatu na mkulima mwenye moja walikuwa wamechagua jambo lile lile.

Nguvu ya wanane ilikuwa katika kukataa. Kwa hesabu ya kura ukumbini hawakuweza kupitisha hata hoja ndogo. Lakini baraza la mawaziri la rangi zote lisilo na Mwafrika ni kichekesho, na London ilijua. Alan Lennox-Boyd, aliyemfuata Lyttelton katika Wizara ya Makoloni, alifika Nairobi Oktoba 1957. Mawaziri wa Kizungu na wa Kiasia wakajiuzulu ili katiba ya Lyttelton izikwe kwa heshima. Katiba aliyoileta Lennox-Boyd iliwaongezea Waafrika viti sita, wakawa 14 sawa na Wazungu. Katiba nzima ya nchi ilikuwa imeangushwa na watu wanane katika miezi minane.

Ila Lennox-Boyd aliweka na mtego wake. Aliunda viti 12 maalumu, vinne vya Waafrika, vinne vya Wazungu, vinne vya Waasia na Waarabu, na wa kuvijaza wakawa wajumbe wa Baraza lenyewe. Maana yake Mwafrika angeweza kuingia kwa kura za Wazungu. Wajumbe wa kuchaguliwa waliwaita wote watakaogombea viti hivyo vibaraka na wasaliti, tena gazetini. Saba kati yao wakashtakiwa mwaka 1958 kwa kashfa. Aliyekuja kuwatetea alikuwa D. N. Pritt, wakili yule yule wa Kenyatta pale Kapenguria. Walitozwa faini, wakatoka mahakamani wamebebwa na sifa ambazo hakuna mkutano wa hadhara ungewapa. Musa Amalemba alikubali kiti maalumu na wizara ya nyumba, na jina lake likalipa gharama ya uamuzi huo kwa miaka.

Sita wa nyongeza walichaguliwa mwaka huo wa 1958, miongoni mwao Dk. Gikonyo Kiano, Jeremiah Nyagah na Taita Towett. Ndipo, Juni 1958, Odinga akafanya jambo ambalo hata wenzake hawakulitarajia. Alisimama ndani ya Legco akasema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa walikuwa bado viongozi mioyoni mwa watu. Wakati ule Kenyatta alikuwa gerezani Lokitaung, katika jangwa la Turkana, na kumtaja kwa heshima hadharani kulitosha kumtia mtu mashakani. Wazungu walifoka. Baadhi ya wajumbe Waafrika wakajitenga na maneno hayo, wakihofia Odinga ameharibu kila kitu. Haukupita muda mrefu, wito wa "Uhuru na Kenyatta" ukawa wa nchi nzima, na waliojitenga wakauimba kama wengine.

Hapa ndipo uchaguzi ule mbovu ulipolipa. Mteule wa Gavana asingeweza kusema alilosema Odinga. Mtu wa mkutano wa hadhara angekamatwa. Mbunge aliyechaguliwa, hata kwa daftari la vyeti na mizani, alikuwa na kinga ya ukumbi, maneno yake yalichapwa katika kumbukumbu rasmi, na kumfukuza kulimaanisha kukiri mbele ya dunia kwamba kura yenyewe ilikuwa mchezo.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mauaji ya wafungwa 11 katika kambi ya Hola, Machi 1959, yaliuaibisha utawala hadi ndani ya Bunge la London. Hali ya Hatari ilikoma Januari 1960, mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, ukafunguliwa mwezi huo huo, sifa za mpiga kura zikashushwa, na Februari 1961 Waafrika wakapata wingi wa viti. Kenyatta mwenyewe aliingia Legco mapema 1962, baada ya Kariuki Njiiri kumwachia kiti chake. Uchaguzi wa Mei 1963 ulileta Madaraka, na Desemba 12 Uhuru. Spika alikuwa Humphrey Slade, mlowezi, naye akaendelea na kiti chake chini ya bendera mpya.

Ile amri ya 1955 nayo iliendelea kufanya kazi. Kwa miaka mitano Waafrika wa Kenya walijifunza siasa katika vyama vya wilaya, na vilipofunguliwa vyama vya taifa mwaka 1960 vikajengwa kwa matofali yaliyokuwapo. KADU ya Ngala, Muliro na Moi ilikuwa muungano wa vyama vya Wakalenjin, Wamasai, watu wa Pwani na wengineo. KANU ya Mboya na Odinga ilitegemea vigogo wa wilaya vile vile, kila mmoja na ngome yake. Jirani, Tanganyika, Nyerere aliachiwa kuwa na TANU ya nchi nzima hata pale wapiga kura wa 1958 na 1959 walipolazimishwa kuchagua mtu wa kila rangi. Wanaosema Wakenya wana ukabila wa kuzaliwa nao wakasome masharti ya usajili wa vyama ya mwaka 1955.

Wanane hawakubaki pamoja. Mboya alipigwa risasi Nairobi Julai 5, 1969. Ngala alikufa Desemba 1972 baada ya ajali ya gari kwenye barabara ya Mombasa. Odinga alikuwa makamu wa rais, kisha mpinzani, kisha mfungwa. Muliro alikuwa pamoja naye tena katika kudai vyama vingi, dhidi ya Moi, mwenzao wa 1957, aliyekaa Ikulu kuanzia 1978 hadi 2002.

Bunge la Kenya linapotaka tarehe ya kuadhimisha, liiache Agosti 1907 kwa walowezi walioitengeneza. Lichukue Machi 1957, pamoja na aibu yote ya vyeti na kura tatu tatu, na lisome majina yote manane ukumbini, yakiwamo ya Muimi, Mate na Oguda ambayo hayatajwi mara nyingi.